Kinga ya Ini: Mboga za Majani, Dawa za Chupa na Ghala la Mahindi

Hotuba ya elimu ya afya kwa wakulima, wahudumu wa afya ya jamii na wananchi



Mwaka wa 2004 familia nyingi za Makueni, Kitui, Machakos na Thika zilikula mahindi kama siku zote, kisha zikaanza kuugua. Wagonjwa walitapika, wakaumwa na tumbo na kuishiwa nguvu. Baadaye macho yaligeuka manjano, mkojo ukakolea rangi, miguu na tumbo vikavimba. Kufikia Julai mwaka huo wagonjwa 317 walikuwa wameorodheshwa, na 125 kati yao walikuwa wamefariki.

Hakuna adui aliyewatilia sumu. Sumu ilitoka kwenye kuvu iliyoota katika mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Sumu hiyo huitwa aflatoksini, na kiungo kilichoshindwa kuihimili ni ini. Wala haikuwa mara ya kwanza: mwaka wa 1981 watu 12 walikufa kwa njia hiyo hiyo huko Machakos.

Leo neno ini linasikika sana sokoni. Kuna unga wa mlonge, vidonge vya manjano, vidonge vya chai ya kijani na chupa zinazosemekana kusafisha ini kwa wiki moja. Muuzaji husema bidhaa yake imejaa antioksidanti. Neno hilo si la uongo. Antioksidanti zipo, na mimea inazo kwa wingi. Tatizo ni kwamba mtu anaweza kununua chupa ya shilingi elfu mbili na kuiweka juu ya kabati, huku chini ya kitanda kuna gunia la mahindi yaliyoota kuvu. Kwa hiyo yafaa kuuliza maswali mawili: mimea inaweza kulilinda ini kwa kiasi gani, na ni kazi gani ambayo mimea haiwezi kumfanyia mtu?

Ini hufanya kazi gani

Ini liko upande wa kulia, chini ya mbavu. Kwa mtu mzima lina uzito wa kilo moja na nusu hivi. Damu inayotoka tumboni na kwenye utumbo, ikiwa imebeba chakula kilichosagika, hupitia kwanza kwenye ini kabla ya kusambaa mwilini. Kwa hiyo ini ni kama kizuizi cha barabarani ambapo kila gari lazima lisimame na kukaguliwa. Chakula, dawa za hospitali, dawa za mitishamba, pombe na sumu zote hupita hapo.

Ini huhifadhi sukari ya akiba, hutengeneza nyongo ya kusaga mafuta, na hutengeneza protini zinazofanya damu igande mtu anapojikata. Ndiyo maana mgonjwa ambaye ini lake limeharibika huvuja damu kirahisi. Kazi nyingine kubwa ni kuzibadili sumu ili ziweze kutoka mwilini kwa mkojo au kwa choo.

Kazi hiyo ina hatari yake. Sumu nyingi huvunjwa kwa hatua mbili. Katika hatua ya kwanza ini huibadili sumu, na mara nyingine kile kinachotokea hapo katikati ni kikali kuliko sumu yenyewe. Ndivyo ilivyo kwa aflatoksini. Ikiingia katika ini hubadilishwa ikawa kitu kinachong'ang'ania chembechembe za urithi ndani ya seli. Hapo ndipo saratani ya ini huweza kuanzia. Katika hatua ya pili, ini hukishika kitu hicho kikali na kukifunga kwa kitu kiitwacho glutathioni, kisha hukitoa nje. Glutathioni ndiyo antioksidanti kuu ya mwili, na ini hujitengenezea lenyewe kutokana na protini za chakula. Ikitosha, sumu hufungwa na kutolewa. Ikipungua, ini hubaki bila ngao.

Antioksidanti ni nini

Akina mama wanaopika wanaijua kazi ya antioksidanti hata kama hawajawahi kulisikia neno lenyewe. Parachichi likikatwa na kuachwa mezani hubadilika na kuwa la kahawia. Ndizi na kiazi kilichomenywa hufanya vivyo hivyo. Ni hewa ya oksijeni inayovila taratibu, kama vile kutu inavyolila panga lililoachwa nje. Lakini parachichi hilo likikamuliwa ndimu, hubaki na rangi yake kwa muda mrefu zaidi. Vitamini C iliyo katika ndimu hujitoa ishambuliwe yenyewe badala ya parachichi. Hiyo ni antioksidanti.

Ndani ya mwili kuna mashambulizi ya namna hiyo kila dakika. Seli zinapotumia oksijeni kupata nguvu, na ini linapovunja sumu, hutokea vipande vikali viitwavyo radikali huru. Vipande hivi hushambulia mafuta, protini na chembechembe za urithi za seli. Mwili una ulinzi wake, na chakula cha mimea huuongezea nguvu. Vitamini C hupatikana katika machungwa, maembe, mapera na mboga za majani. Vitamini E hupatikana katika karanga, mbegu za alizeti na mafuta ya mimea. Rangi ya machungwa iliyo ndani ya karoti, maboga na viazi vitamu vya rangi hiyo ni antioksidanti pia. Ukakasi wa chai hutoka kwa kundi jingine liitwalo polifenoli. Hata rangi ya zambarau ya chai aina ya TRFK 306, iliyotolewa kwa wakulima na watafiti wa Kericho mwaka wa 2011, ni ya kundi hilo hilo.

Kuna pia mimea isiyopigana na sumu moja kwa moja bali hulihimiza ini liongeze walinzi wake. Mfano unaojulikana sana ni brokoli, hasa miche yake michanga. Inapokatwa au kutafunwa hutoa kitu kiitwacho sulforafani, ambacho huliamsha ini litengeneze vimeng'enya vingi zaidi vya kufunga sumu na kuitoa. Brokoli, kabichi na sukuma wiki ni mmea mmoja kwa asili, uliogawanywa na wakulima kwa karne nyingi kuwa aina mbalimbali. Sukuma wiki haina sulforafani nyingi kama miche ya brokoli, lakini ni ya ukoo huo, na iko katika kila soko la kaunti.

Somo kutoka Qidong

Kuna mahali duniani ambapo swali hili la mimea, ini na aflatoksini limechunguzwa kwa watu, si kwa panya peke yao. Mahali hapo ni Qidong, nchini China, karibu na pale Mto Yangtze unapoingia baharini. Kwa miaka mingi wakazi wa Qidong walikula mahindi yaliyokuwa na aflatoksini, na wengi walikuwa na virusi vya hepatitisi B. Saratani ya ini iliwaua watu wengi, baadhi yao wakiwa bado vijana.

Watafiti waliwapa watu wazima 180 vidonge vya klorofilini au vidonge visivyo na dawa, kwa muda wa miezi 4. Klorofilini hutengenezwa kutokana na rangi ya kijani ya majani. Matokeo yaliyotangazwa mwaka wa 2001 yalionyesha kuwa alama ya madhara ya aflatoksini katika mkojo ilipungua kwa asilimia 55 kwa waliopewa klorofilini. Inaaminika kuwa rangi hiyo huishika sumu tumboni kabla haijaingia katika damu.

Utafiti mwingine uliwapa watu 200 kinywaji cha miche ya brokoli kila usiku kwa siku 14. Safari hii matokeo hayakuwa ya moja kwa moja. Kwa jumla makundi mawili hayakutofautiana katika ile alama ya madhara. Lakini katika waliokunywa miche yenye nguvu, wale ambao miili yao ilifyonza sulforafani zaidi walionekana kuwa na madhara kidogo. Miili ya watu haifanani, na kikombe kimoja hakiwafanyii watu wote kazi sawa.

Hata hivyo, kilichoibadilisha Qidong hasa hakikuwa kidonge wala kinywaji. Katika miaka ya 1980, sera za kilimo na biashara nchini China zilipobadilika, familia za huko zilianza kula mchele badala ya mahindi. Aflatoksini katika damu za watu ilishuka sana kadiri miaka ilivyopita. Vifo vya saratani ya ini kwa vijana na watu wa makamo vilipungua, hata miongoni mwa wale waliozaliwa kabla watoto wachanga hawajaanza kuchanjwa dhidi ya hepatitisi B. Watu walipoacha kuipokea sumu, maini yao yalipumzika.

Hilo halina maana kwamba Mkenya aache ugali. Maana yake ni kwamba ugali uwe wa mahindi safi. Katika sahani ya kawaida ya nyumbani, ugali uko upande mmoja na mboga upande mwingine. Mboga husaidia, lakini haiwezi kuufuta uchafu wa ugali ulio kando yake.

Chupa na vidonge vya kusafisha ini

Mmea uliochunguzwa zaidi kwa ajili ya ini ni mbaruti mmoja wa nchi za Bahari ya Mediterania, ambao mbegu zake hutoa silimarini. Madaktari wa Ulaya huitumia dawa iliyotokana nayo, kwa kuitia kwenye mshipa, kuwahudumia watu waliokula uyoga wenye sumu. Hapo hutolewa hospitalini, na mgonjwa huangaliwa usiku na mchana. Lakini ilipojaribiwa nchini Marekani kwa wagonjwa 154 wa hepatitisi C ambao dawa za awali hazikuwasaidia, matokeo ya mwaka wa 2012 yalionyesha kuwa vidonge vya silimarini havikufanya kazi kuliko vidonge visivyo na dawa, hata kwa kipimo kikubwa.

Vitamini E nayo ina habari njema, ila ina mipaka. Utafiti wa mwaka wa 2010 uliwahusisha watu wazima 247 wenye ini la mafuta lililovimba, ambao hawakuwa na kisukari. Waliopewa vitamini E kwa kipimo kikubwa kwa wiki 96 walipata nafuu kwa asilimia 43, ilhali waliopewa vidonge visivyo na dawa walikuwa asilimia 19. Hii ni antioksidanti ya mimea iliyolisaidia ini kweli. Lakini ilitolewa na madaktari, kwa ugonjwa uliopimwa, kwa watu waliochaguliwa, na waliotumia zaidi ya nusu bado hawakufikia nafuu iliyotarajiwa.

Upande wa pili lazima usemwe pia. Kitu kinachofaa kikiwa ndani ya chakula kinaweza kudhuru kikikamuliwa na kujazwa katika kidonge. Chai ya kijani ya kikombe haijulikani kwa madhara. Lakini mwaka wa 2018 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilionya kuwa vidonge vya chai ya kijani vinavyompa mtu miligramu 800 au zaidi kwa siku za antioksidanti yake kuu vinaweza kulitia ini mashakani. Manjano katika pilau au mchuzi ni kiungo tu. Lakini Italia na Marekani zimeripoti watu waliopata homa ya ini baada ya kumeza vidonge vya manjano, hasa vile vilivyochanganywa na pilipili manga ili vifyonzwe kwa wingi. Na majani ya komfri, ambayo baadhi ya wafugaji huyapanda kwa lishe ya wanyama, yana sumu inayoziba mishipa midogo ya ini. Hayafai kunywewa kama chai hata kidogo.

Kwa hiyo tangazo linaposema kuwa mmea fulani umelinda ini katika utafiti, yafaa kuuliza: ni ini la nani? Tafiti nyingi sana za namna hii hufanywa kwa panya waliopewa kemikali kali ya maabara, kisha wakapewa dawa ya mmea. Mlonge umejaribiwa hivyo, na mimea mingine mingi. Tafiti hizo ni hatua ya kwanza na zina faida yake. Lakini kutoka kwa panya hadi kwa mzee mwenye maji tumboni ni safari ndefu, na mimea mingi haijaimaliza.

Jambo la mwisho katika sehemu hii ni muhimu kuliko yote. Mtu ambaye macho yamegeuka manjano hana wakati wa kujaribu chupa. Kila wiki anayokaa nyumbani akinywa mitishamba ni wiki ambayo ugonjwa unaendelea.

Kahawa, pombe na dawa za maumivu

Kahawa imeonekana kuwa rafiki wa ini. Nchini Uingereza watu 494,585 walifuatiliwa kwa zaidi ya miaka 10. Waliokunywa kahawa ya aina yoyote walikuwa na hatari ndogo ya kupata magonjwa sugu ya ini, kwa asilimia 21, na hatari ya kufa kutokana na magonjwa hayo ilikuwa ndogo kwa asilimia 49. Huo ni ufuatiliaji, si jaribio, kwa hiyo hauthibitishi kuwa ni kahawa yenyewe iliyowalinda. Lakini anayekunywa kikombe chake bila sukari nyingi hana sababu ya kuogopa ini lake.

Pombe ni kinyume chake. Huliongezea ini radikali huru na wakati huo huo huipunguza glutathioni. Ni kama kuwasha moto na kuyamwaga maji ya kuuzimia. Hakuna mboga wala kidonge kinachoweza kushindana na pombe ya kila siku. Pombe haramu huongeza hatari nyingine, kwa sababu mnywaji hajui kilichomo.

Dawa za maumivu nazo zina somo kubwa. Parasitamoli ni dawa salama ikitumiwa ipasavyo. Mtu mzima hapaswi kuzidisha gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na mwenye ugonjwa wa ini huelekezwa na daktari atumie pungufu ya hapo. Ikizidishwa, ini huitumia glutathioni yote kuifunga sumu inayotokana nayo, na akiba ikiisha seli za ini huanza kufa. Mgonjwa anaweza kujisikia nafuu siku ya kwanza, kumbe ini linaungua. Hospitalini hupewa dawa iitwayo asetilisisteini, ambayo hulirudishia ini malighafi ya kutengeneza glutathioni. Dawa hiyo hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa ndani ya saa 8. Huu ndio ushahidi ulio wazi kuliko wote kwamba antioksidanti huokoa ini: ni tiba inayojulikana, kwa kipimo kinachojulikana, kwa wakati wake. Anayezidisha parasitamoli kwa bahati mbaya au kwa makusudi apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo, hata kama anaonekana mzima.

Kinga inaanzia shambani na ghalani

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa ini, ufa wa kwanza kuzibwa ni wa ghalani.

Aflatoksini haionekani kwa macho, haina ladha, na kuchemsha au kupika ugali hakuimalizi. Mwaka wa 2004 sampuli za mahindi kutoka masokoni zilionyesha kuwa zaidi ya nusu zilikuwa zimezidi kiwango kilichoruhusiwa wakati huo, sehemu 20 kwa kila bilioni. Sasa kiwango kimekazwa hadi sehemu 10. Mkulima hawezi kuipima kwa jicho, lakini anaweza kuinyima nafasi ya kuota.

Mahindi yavunwe kwa wakati, yasiachwe shambani yanyeshewe. Yasianikwe juu ya udongo mtupu bali juu ya turubai au jukwaa. Yakaushwe mpaka unyevu ufike asilimia 13.5 au chini ya hapo. Asiyekuwa na kipima unyevu anaweza kutumia chumvi: weka chumvi kavu na punje chache za mahindi ndani ya chupa kavu ya kioo, tikisa vizuri, kisha uache itulie. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi bado ni mabichi. Isiponata, yako tayari kuhifadhiwa.

Magunia yawekwe juu ya mbao, mbali na ukuta, mahali pasipovuja. Mifuko isiyopitisha hewa huzuia wadudu na kuvu, mradi mahindi yawe makavu kabla ya kufungwa. Punje zilizovunjika, zilizooza au kubadilika rangi zichaguliwe na kutupwa, wala zisitengenezewe pombe au chakula cha ng'ombe, kwa sababu sumu hurudi nyumbani kupitia maziwa. Kukoboa mahindi hupunguza sumu kwa kuondoa ganda, jambo ambalo wapishi wa muthokoi wamekuwa wakilifanya tangu zamani. Mkulima anaweza pia kuuliza kwa afisa wa kilimo kuhusu Aflasafe KE01, inayotengenezwa Katumani. Hunyunyizwa shambani kabla ya mavuno, na ndani yake mna kuvu isiyo na sumu inayoinyang'anya nafasi ile yenye sumu.

Ufa wa pili ni hepatitisi B. Mtu mwenye virusi hivi akila aflatoksini, uwezo wa sumu hiyo kumletea saratani huwa mkubwa mara 30 hivi kuliko kwa asiye navyo. Tangu mwaka wa 2001 watoto wa Kenya hupewa kinga hii ndani ya chanjo ya pamoja, wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Mzazi asiruke hata moja. Mtu mzima anaweza kupimwa, na asiye na virusi aulize kuhusu kuchanjwa.

Sahani ya kila siku

Baada ya hayo yote, mboga hurudi mahali pake pa heshima. Managu, terere, kunde, sageti na sukuma wiki ziliwe kwa kupokezana, si aina moja mwaka mzima. Zioshwe kabla ya kukatwa, zipikwe kwa maji kidogo na kwa muda mfupi, kwa kuwa vitamini C huishia katika maji yanayomwagwa. Sukuma wiki na kabichi zikikatwa na kuachwa kwa dakika chache kabla ya kuingia sufuriani, vile vitu vyenye faida kwa ini hupata nafasi ya kujitengeneza. Tunda moja baada ya chakula latosha kuliko soda. Maharagwe, mayai, samaki au ndengu huleta protini, na bila protini ini halina kitu cha kutengenezea glutathioni. Mtoto mwenye utapiamlo hushindwa na sumu haraka kwa sababu hii.

Mlo ukiwa wa vyakula mbalimbali, kama mtama, wimbi, mihogo na viazi vitamu, hata kiasi cha mahindi kinachoingia mwilini hupungua, na hatari hupungua pamoja nacho.

Dalili za kutopuuzwa

Mtu aende kituo cha afya akiona mojawapo ya haya: macho au ngozi kuwa ya manjano, mkojo kukolea kama chai isiyo na maziwa, tumbo au miguu kuvimba, kutapika damu, kuchanganyikiwa, au kuishiwa nguvu na kupoteza hamu ya kula kwa siku nyingi. Amweleze mhudumu kila kitu alichokula na kunywa, pamoja na mitishamba na vidonge vya dukani, bila kuona haya. Mhudumu hatibu vizuri asichokijua. Watu kadhaa wa nyumba moja au kijiji kimoja wakiugua kwa dalili hizi, mhudumu wa afya ya jamii na chifu wajulishwe mara moja, na mahindi yaliyobaki yasiliwe, yasiuzwe wala kutupwa mpaka yachukuliwe kupimwa.

Ini lina subira kubwa. Hufanya kazi kimya miaka na miaka, na hata likijeruhiwa lina uwezo wa kuota tena mahali palipoharibika, mradi kinacholiumiza kiondolewe mapema. Mboga na matunda huliongezea nguvu za kuvumilia. Lakini wa kuliondolea mzigo ni mkulima anayekausha mahindi yake vizuri, mzazi anayempeleka mtoto kuchanjwa, na mnywaji anayeiweka chupa chini.

Kabla msimu ujao wa mavuno haujafika, kila nyumba ifungue ghala na kuangalia kilichomo.